Chupa ya Mama Chebet Ilivyorudi kwa Mwenyewe

Haya akina mama, nimerudi, niko mzima, na miguu yangu iko ndani ya beseni la maji ya chumvi. Tangu jana simu haijapumzika. Huyu anauliza kama ni kweli nilijaziwa chupa peremende na Msomali chini ya ardhi. Yule anauliza kama ni kweli niliingia kwa nyumba ya Mzungu nikaanza kumlisha nyanya yake. Yote ni kweli. Naandika mara moja tu, msome wote, halafu mniache nilale.

Kwa wale wapya kwa grupu, wasiojua hiyo chupa ni ya nini, nianzie hapo.

Mama Chebet na mimi tumetoka kilima kimoja, kule juu upande wa Eldoret. Shamba la mama yangu na la mama yake linatenganishwa na ua wa kayaba tu, na hata huo ua una tundu la kupitia kuku na watoto. Yeye ni Mkalenjin, mimi Mkikuyu. Huku Minnesota hakuna aliyejali. Tuliomba pamoja na tukapikia waliofiwa pamoja. Akifanya shifti ya usiku, Chebet analala kwangu.

Kisha ukaja ule uchaguzi wa moto. Nyumba ya mama yangu ikachomwa. Binamu yake Mama Chebet akauawa mjini kwa sababu ya jina lililokuwa kwa kitambulisho chake. Na sisi tuko huku, tumeshika simu, kila mtu analia na picha zake. Mtu akisema “wetu wameumia,” mwingine anasikia “wenu wametuumiza.” Zingine za hizo picha hata hazikuwa za Kenya, tulikuja kujua baadaye, lakini zilikuwa zimeshafanya kazi yao. Kikundi cha maombi kikapasuka katikati kama shuka la mtumba. Tuligawana mpaka vyombo: wao wakaenda na sufuria kubwa ya pilau, sisi tukabaki na mfuniko. Mnacheka, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Siku ya mwisho Mama Chebet kuingia kwangu alikuwa amebeba chai kwa chupa yake, ile kubwa nyekundu yenye maua. Ikabaki. Na mnajua vile tulilelewa: chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Ukikirudisha na kitu ndani, unasema bado tuko pamoja. Ukikirudisha kitupu, umesema yameisha. Mimi sikuweza hili wala lile, kwa hivyo chupa ikakaa juu ya friji miaka yote hiyo, nikiipangusa vumbi kama picha ya marehemu.

Sasa mwaka huu kura zimepigwa tena. Mama yangu alijenga upya palepale, hataki kusikia habari ya kuhama. Siku ya kura alinipigia, akanionyesha kidole chenye wino, akacheka. Kuanzia hapo, kimya. Mteja hapatikani. Kakangu aliye Nairobi akasema magari hayapandi huko juu, kila mtu amejifungia anangoja matokeo. Anayeweza kumfikia mama yangu ni mmoja tu, Kiprono, kakake Mama Chebet. Namba ya Kiprono anayo Mama Chebet. Na simu yangu Mama Chebet haishiki.

Basi nikatoka shifti asubuhi, nikaoga, nikapiga magoti. Nilipoinuka, jicho langu likaenda juu ya friji.

New Hope hadi Brooklyn Center: mtoto wa maua

Gari langu liko kwa fundi. Na zile taxi za simu sipandi, siwezi kuketi na mwanaume nisiyemjua mlango umefungwa. Kwa basi tuko wengi, na Mungu anatuona sote kwa pamoja.

Nikachemsha chai ya maziwa, tangawizi ya kutosha kufufua mtu, nikajaza chupa mpaka shingoni. Wambui wangu akatoka chumbani macho nusu.

“Mum, just text her.”

“Chai haitumwi kwa simu,” nikamwambia. Akarudi kulala.

Ile chupa mfuniko wake umelegea, haipaswi kulala. Kwa hivyo nikaifunga kifuani na leso, wima, kichwa kikichungulia kidogo. Nimeingia kwa basi tu, mama mmoja akaruka kunipisha kiti. “Kwa ajili ya mtoto,” akasema. Nikafungua mdomo kumweleza, basi likang’oka, nikajikuta nimeketi. Akaanza kunong’ona ili asimwamshe. Akauliza ni msichana ama mvulana. Jamani, mimi nimeokoka, siwezi kudanganya! Nikafunua leso. Akaona maua na mpini. Alinitazama hivi kwa huruma, akanipapasa bega, akashuka kituo kilichofuata. Sidhani kilikuwa chake.

Kufika Brooklyn Center, barabara imechimbwa. Vile vibuyu vya rangi ya machungwa vya kuzuia magari vimepangwa mpaka macho yanachoka, na kituo cha basi kimefunikwa gunia. Nikaingia kwa duka la Papa Dieudonné, yule Mkongo anayeuza samaki wakavu, kuuliza basi la mjini linasimama wapi siku hizi. Nikampata Baba Kim ndani, anayekuja kanisani kwetu akikumbuka. Ameegemea mifuko ya unga, simu imewekwa sauti ya juu, mtangazaji anasoma hesabu za kura.

“Unaenda wapi na chupa, Mama Wambui?”

“Kwa Mama Chebet.”

Akaizima sauti. “Kwa wale? Leo? Watu wanangoja matokeo, wewe unawapelekea chai? Wale wamejipanga, nimeambiwa.”

“Umeambiwa na nani?”

“Iko kwa grupu.”

“Hata wewe, kwa grupu yao, umejipanga,” nikamwambia. “Na wewe ninavyokujua, hata kupanga viti vya harusi kunakushinda.”

Papa Dieudonné akacheka mpaka akashika mizani. “Bon! Ninyi Wakenya! Kura siku moja, ugonjwa miaka tano. Mama, basi inasimama nyuma ya kanisa. Kimbia.”

Nikakimbia. Lakini neno la Baba Kim lilikuwa limeshaingia. Wamejipanga. Hata ule mwaka lilianza hivyohivyo, neno dogo tu kwa duka, kabla ya kiberiti.

Minneapolis hadi Saint Paul: chini ya ardhi

Mjini nilipanda treni inayoenda Saint Paul. Mbingu ilikuwa imebadilika rangi, kijani kama maji ya kuchemshia sukuma. Ukikaa Minnesota sana unajua hiyo rangi ni ya kimbunga, unaanza kutafuta viatu vyako. Hatujaenda mbali, king’ora kikalia.

Akina mama, niseme ukweli. Sikuwaza upepo. Hicho king’ora kinapanda na kushuka, na mwili wangu ukasikia nduru za ule usiku mama alinipigia simu yuko ndani ya mahindi, ananong’ona, na nyuma yake watu wanaitana kilima kwa kilima. Nikanusa moshi. Moshi ndani ya treni yenye hewa baridi! Nikashika chupa kama ndiyo inayonishika.

Dereva akasimamisha kituoni, akatutoa wote, tukaingizwa kwa jengo lililo karibu, tukashushwa ngazi mpaka kwa korido ya chini iliyojaa mabomba. Mvua ikapiga huko juu kama mtu anamwaga mawe. Watu wakakaa, kila mtu na ukuta wake. Kulikuwa na fundi wa barabara mwenye nguo za kung’aa, mzee Mzungu, nywele zinadondosha maji, anatetemeka mpaka meno yanagongana.

Sasa mtu anatetemeka mbele yako na wewe una chai. Utafanyaje? Utamwomba Mungu amletee chai kutoka wapi?

Nikammiminia kidogo kwa kifuniko. Akanywa, macho yakamtoka, akauliza kama nimetia pilipili. Tangawizi, nikamwambia. Akasema ina ladha ya Krismasi. Sijui Krismasi ya kwao inapikwa vipi, lakini akarudisha kifuniko kiongezwe. Msichana wa pembeni akaleta glasi ya karatasi. Dereva naye. Watoto wawili na mama yao. Nikawa namimina tu, nimesahau safari, nacheka na watu nisiojua majina yao, na kila mtu anasema “Krismasi!” na ni mwezi wa nane.

Ndipo nikasikia nyuma yangu, kwa Kiswahili safi:

“Mama, hiyo tangawizi inanuka mpaka kwa ngazi. Wewe ni wa wapi?”

Mama mmoja wa hijabu ya zambarau, mnene kama mimi, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

“Kenya.”

“Kenya ni kubwa. Jina?”

“Mama Wambui.”

“Ahaa!” Akapiga goti. “Basi nishajua ulimpigia nani kura.”

“Sikupiga. Nilikuwa kazini New Hope, nageuza wazee kitandani.”

“Mimi Halima wa Garissa. Usiniogope, sisi tunashukiwa na pande zenu zote mbili. Kitu kikilipuka Nairobi, sisi ndio wa kuulizwa kitambulisho. Kisipolipuka, mnaulizana nyinyi kwa nyinyi. Nimebakishiwa tone?”

Nikapindua chupa. Yakatoka majani ya chai matatu.

Nilipomwambia chupa ni ya nani na ninaenda wapi, mama huyo aliinuka kutoka kwa ndoo. “Wee! Umenywesha treni nzima, halafu unampelekea mtu mliyekosana chombo kitupu? Atasema umekuja kumaliza! Hata kwetu chombo hakirudi kitupu, subhanallah!”

Sikuwa nimeliwaza. Haki ya Mungu, mkono wangu ulikuwa ukimimina na akili iko kwa furaha. Nikaanza kulia. Halima akafungua mkoba wake, mkoba wa nyanya mwenye wajukuu, uliojaa peremende ngumu, kila moja na karatasi yake. Tukakausha chupa na ncha ya leso, akaanza kuzidondosha ndani moja moja, anahesabu kwa Kisomali, na wale watoto wawili wanazisindikiza kwa macho kama maziko. Ikabidi apewe kila mmoja yake.

“Sasa si tupu,” akasema. “Ukifika umwambie Halima wa Garissa hana upande.”

King’ora kikanyamaza. Tukapanda juu, jua linawaka kama halikufanya kitu.

Saint Paul hadi Inver Grove Heights: nyanya wa watu

Basi la mwisho lilizunguka miti iliyoanguka mpaka nikadhani tunarudi New Hope. Tukavuka mto, likanishusha mahali pa vilima na nyasi zilizonyolewa. Niliambiwa zamani kwamba Mama Chebet alihamia huku, na kwamba ana mlango mwekundu. Nikaona mlango mwekundu, nikapanda ngazi, nikapiga kengele, nikafunga macho nikasema Baba naomba maneno.

Akafungua mama wa Kizungu. “Asante Mungu umekuja!” akasema, akanivuta mkono. “Yuko juu, hajala tangu asubuhi.”

Mnajua sisi Wakenya mjini humu. Mwenye nyumba akituona mlangoni, ameshajua tumekuja kumlea mama yake. Na sisi nasi, tukisikia mzee hajala, miguu inapanda ngazi kabla ya akili. Nikajikuta niko chumbani, nimeweka chupa chini, nimenawa mikono, nimemwinua bibi wa watu, nimempanga mito, nimemchana nywele, na ananiambia nina mikono ya joto. Nikamlisha uji wa shayiri. Nusu bakuli imeshaisha ndipo nikakumbuka kwamba hapa si kazini.

Nikashuka nikamweleza yule mama. Akawa mwekundu kuliko mlango wake. Mlezi anayemngoja alikuwa amecheleweshwa na upepo. Akaomba msamaha mara nyingi mpaka mimi ndiye nikaanza kumbembeleza. “Unatafuta Mkenya? Si yule jirani aliyepanda mboga kwa sufuria?”

Akanyoosha kidole. Nyumba ya pili, mlango mwekundu pia. Na mbele yake, ndani ya sufuria kubwa ya pilau, sufuria yetu wenyewe, sukuma wiki imesimama majani kama masikio ya ndovu.

Kwa Mama Chebet

Alifungua mlango na tukatazamana. Ameota mvi. Nadhani naye aliona zangu. Macho yake yalienda kwa chupa moja kwa moja. Nikamnyooshea kwa mikono miwili, kama tulivyofundishwa.

Akaipokea, akaisikia nyepesi. Akaitikisa.

*Kocho kocho kocho.*

Yeyote aliyelelewa Kenya anajua huo mlio. Ni kioo cha ndani kimevunjika.

“Umenivunjia,” akasema taratibu. “Miaka yote hii, Mama Wambui. Unavuka mto kuniletea chupa iliyovunjika. Siku kama ya leo.”

“Sijavunja! Fungua!”

“Nifungue nijikate?”

“Fungua, mama, fungua kwa jina la Yesu!”

Akafungua, akaipindua juu ya meza ya mlangoni. Peremende zikamwagika, nyekundu, kijani, njano, nyingine zikabingirika mpaka chini ya kabati. Akaziangalia. Akaniangalia.

“Halima wa Garissa anasema hana upande,” nikasema, kwa sababu ndiyo maneno pekee yaliyonijia.

Sijui nani alianza. Tulicheka mpaka tukakaa chini palepale mlangoni, tumeshikana mabega, na ndani ya kicheko kukawa na kilio, na mimi nikasema binamu yako, pole, na yeye akasema nyumba ya mama, pole, maneno ambayo tulipaswa kuambiana mwanzo kabisa.

Nikataka kumwambia kilichonileta. Akakataa. “Mgeni haulizwi habari na njaa.” Akanikalisha, akaniletea ugali na sukuma ya sufuria, na mursik, yale maziwa yao ya kibuyu, kwa glasi. Nikameza haraka haraka, naungua ulimi, na yeye anatazama sahani. Nilipomaliza tu, tukasema kwa pamoja:

“Mama yangu hashiki simu.”

Kumbe hata wake! Na Kiprono naye alikuwa na pikipiki yenye mafuta, yuko bonde la chini, lakini njia ya kwenda kwa wazee inapitia senta yetu, kwenye maduka. Pale senta vijana wa Kikuyu wamekaa barabarani na marungu, wanasema wanalinda. Kiprono anaogopa vijana wetu. Vijana wetu wanaogopa akina Kiprono. Na kati ya woga huo wa pande mbili kuna nyanya wawili wasioshika simu.

“Nani anawasimamia hao vijana?” akauliza Mama Chebet.

“Kamau, mjukuu wa shangazi yangu.”

Akanisukumia simu.

Nikapiga. Huko kwetu jua lilikuwa limezama, watu wako jikoni. Kamau akashika haraka.

“Kamau, kuna mtu anapita hapo na pikipiki sasa hivi. Ni wetu. Mumpishe.”

“Wetu nani?”

“Kiprono.”

Nikasikia mbwa wa senta anabweka. “Aunty, tangu lini Kiprono ni wetu?”

“Tangu sasa hivi. Na wewe utapanda nyuma yake mpaka kwa cucu, kwa mama yangu, ili akirudi apite salama, na jirani zake nao wasikuguse. Mtashikana kiunoni kama maharusi, sijali.”

“Aunty, vijana wataniona!”

“Ndiyo maana nataka wakuone.”

Mama Chebet akampigia Kiprono, akamfokea kwa Kikalenjin, sikuelewa neno lakini nilielewa kila kitu. Halafu tukangoja. Tukaomba mpaka maneno yakaisha, tukaanza kula peremende. Hakuna aliyetafuna. Tulikuwa tunafyonza tu, tunatazama simu mbili kwenye meza.

Yake ndiyo iliyolia, ni Kiprono kwa video. Picha ikacheza, giza, halafu moto. Lakini ulikuwa moto wa mafiga. Mama yangu na mama yake wameketi pande mbili za mafiga hayo, wamejifunika blanketi moja, wanachoma mahindi mabichi. Nyuma yao Kamau na Kiprono wameinama chini ya paa kama wezi wa kuku, kila mmoja ameshapewa hindi.

“Mama! Mbona simu haipatikani?”

“Nimeizima,” akasema, hata hakunitazama, anageuza hindi. “Tumezizima zote mbili. Siku nzima ni kupigiwa kutoka Nairobi, kutoka Amerika, kimbieni, kimbieni. Nikimbilie wapi na mahindi yangu yapo shambani? Huyu naye mguu wake hauwezi. Tukasema tutalala nyumba moja, anayekuja kuchoma atukute wote wawili, achague.”

Nyanya mwingine akasema kitu, wakacheka, hawakututafsiria.

Mama yangu ndipo akaikaribia simu, akakodoa macho. “Nyambura. Hapo nyuma yako si Mama Chebet? Wewe uko kwake?”

“Ndiyo, Mama.”

Akatutazama sisi wawili, shavu kila moja limevimba peremende, kama wakati ule tukipitia tundu la kayaba.

“Mmekula?” akauliza.

Kurudi

Kurudi nyumbani hakukuwa safari. Mama Chebet alinileta kwa gari lake, tukiongea, na akapitiliza njia ya kutokea mara mbili. Kiprono na Kamau walilala palepale kwa wazee, mmoja mlango wa mbele, mmoja wa nyuma. Matokeo bado hayajatangazwa ninapoandika. Mnaweza kusikia kabla ya kumaliza kusoma. Sijui itakuwaje, wala simdanganyi mtu, huko senta bado wamekaa. Lakini wamemwona Kamau akipita amemshika Kiprono kiunoni, na kwa kilima chetu hiyo ni habari kubwa kuliko ya kura.

Chupa iko hapa mezani, imejaa chai ya Mama Chebet. Juu ya friji haipandi tena. Ikiisha, lazima nirudishe na kitu.

Na amesema hivi: Jumapili baada ya ibada, wawe wametangaza ama hawajatangaza, sote twende kwake, upande huu na upande ule, tupike. Sukuma ameing’oa, sufuria ameisugua mpaka inang’aa. Basi mimi nina swali moja tu kwa grupu, na naomba nijibiwe leo: ule mfuniko uko kwa nani? Mwenye nao aulete. Na tafadhali, asiulete mtupu.